Barua kwa wajumbe wapya wa kamati za kulinda majengo ya kale Marekani

Wanangu,

Mmekubali kazi isiyo na mshahara, kazi ya vikao vya usiku na mafaili mazito. Nawapongeza kwa moyo wangu wote. Ila nina wasiwasi kwamba wengi wenu hamjui uzito wa mamlaka mliyokabidhiwa.

Watu hudhani jengo likishaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria, basi limesalimika. Sivyo. Mwenyewe akitumia fedha zake, bila ruzuku wala kibali cha serikali kuu, anaweza kulivunja kesho asubuhi. Kinachoweza kumzuia ni sheria ndogo ya mji, na wasimamizi wake ni ninyi. Mji wa Charleston ulianza njia hiyo mwaka 1931. New York ilichelewa: ilishuhudia kituo chake cha treni cha Pennsylvania Station kikianza kuvunjwa mwaka 1963, ndipo mwaka 1965 ikaunda tume yake. Baadaye tume hiyo ikakataa mnara usijengwe juu ya kituo kingine cha treni, Grand Central, wenye kituo wakaenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikaupa mji ushindi.

Basi nguvu mnayo. Ninachowaomba ni kuitumia mapema.

Kamati nyingi huamka pale ombi la kubomoa linapofika mezani. Wakati huo mwenye jengo ameshalipa wachoraji, ameshakopa benki, na ninyi mnaonekana maadui. Tembeeni mitaa yenu kabla ya hapo. Pigeni picha, someni ramani za zamani, kaeni na wazee. Wala msiishie kwenye majumba ya matajiri. Nyumba za vibarua, makanisa madogo na makaburi ndivyo vinavyosahaulika kwanza. Mwaka 1991, wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali huko Manhattan walikutana na mifupa ya Waafrika, watumwa na walio huru, waliozikwa hapo karne ya 18. Makaburi yale yalikuwa yameonyeshwa kwenye ramani tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza. Yalikombolewa kwa kelele za wananchi, tayari mabaki ya mamia ya watu yakiwa yamefukuliwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Fedha za kuandaa orodha ya majengo na maeneo ya kale ya mji wenu zinaweza kupatikana. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1980, mji wenye kamati iliyotambuliwa rasmi unaweza kuomba sehemu ya mfuko wa uhifadhi, na kila jimbo linatakiwa kupitisha angalau asilimia 10 ya mgao wake kwa miji ya namna hiyo. Ombeni.

Halafu jifunzeni ufundi, angalau kiasi cha kuzungumza na fundi. Mtaletewa maombi ya kuziba upya viungo vya ukuta wa tofali za zamani kwa saruji. Mwenye nyumba anaamini anauimarisha. Kumbe tofali zile ni laini, zilijengewa chokaa ili unyevu utokee kwenye viungo. Saruji ngumu inaufungia unyevu ndani ya tofali, baridi kali ikija maji yanaganda, uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Mweleze hayo akiwa nyumbani kwake, kabla hajanunua mfuko hata mmoja. Wengi hushukuru.

Na mkikataa ombi, andikeni sababu kwenye muhtasari wa kikao, mkitaja kifungu cha sheria. “Haipendezi” si sababu.

Katika kikao chenu cha kwanza, ulizeni orodha ya majengo ya mji ilipitiwa lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayekumbuka, gawaneni mitaa usiku huohuo.