Barua kwa mwanangu anayekuja na meli

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama yako mguu umempa nafuu, ngazi za ghorofa anashuka mwenyewe na kwenda sokoni Darajani bila kumngoja mtu. Ujumbe wako nimeupata, na ile ratiba ya meli nimeikuza kwenye simu mpaka nikaisoma yote: Port Louis ya Mauritius, Nosy Be ya Madagaska, Mahé ya Shelisheli, kisha kwetu Unguja, kuingia saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni.

Unaniuliza kama mkate tiketi za ziara zinazouzwa humo melini au mjipangie wenyewe. Mama yako ameshajibu zamani: mnakuja kula nyumbani, basi, hakuna cha ziara. Lakini huji peke yako, unakuja na mumeo na wakwe zako, na umesema mkweo wa kike hana usingizi kwa hofu ya kuachwa na meli. Mimi nimewabeba watalii wa meli miaka mingi, nimewabeba waliokatiwa tiketi na kampuni na nimewabeba waliotoka getini wakinitafuta wenyewe. Kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili.

Kwanza usimcheke mama wa watu. Hofu yake ina msingi. Machi 2024 abiria 8 wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa kisiwani São Tomé. Walishuka na ziara ya binafsi, mwisho wa kupanda ulikuwa saa 9 alasiri, wao wakachelewa zaidi ya saa nzima. Meli bado ilikuwa imetia nanga, wanaiona kwa macho. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti mpaka karibu yake, nahodha akakataa kuwapandisha. Pasipoti zao zikaachwa kwa wakala wa bandari. Ikawa ni kuikimbiza meli nchi hadi nchi. Huko Gambia meli nayo ikashindwa kutia gati kwa sababu ya maji kupwa, na walioipata waliipata Dakar, Senegal.

Hiki ndicho mtu anachokinunua anapokata ziara melini: ananunua uhakika wa saa. Basi la meli likichelewa, meli hungoja, au kampuni hubeba gharama za kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Meli ikighairi kutia nanga kwa sababu ya bahari mbaya, pesa ya ziara hurudi. Na pale ambapo meli inakaa nje na watu wanaletwa ufukweni kwa boti ndogo, wenye tiketi za ziara ndio wanaoshushwa mwanzo. Nyinyi wengine mnakaa ukumbini mnangoja kuitwa, na saa nzima au zaidi inaweza kwenda hivyo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba tiketi ya meli ni kinga ya mwili. Tarehe 9 Desemba 2019 volkano ya Whakaari, kule New Zealand, ililipuka watu 47 wakiwa kisiwani. Walikufa 22. Wengi wa waliokuwepo siku ile walitoka kwenye meli moja ya kitalii. Soma masharti ya tiketi yako, yale maandishi madogo: utakuta wanasema mwenye basi, mwenye boti na mtembezaji ni wakandarasi wanaojitegemea, na kampuni ya meli haibebi makosa yao. Dereva anayeendesha basi la meli hapa Unguja ni jirani yetu, ndiye huyo huyo kesho utamkodi mwenyewe mjini. Tofauti ni kwamba pesa ya mgeni imepita kwa kampuni ya meli, ikapita kwa wakala, ikapita kwa kampuni ya utalii ya hapa, na yeye amepewa iliyobaki. Hilo mimi limeniuma miaka yote, sitaficha.

Na kuna unachokosa. Chukua ziara ya viungo, maana hiyo ndiyo wakwe zako wataiona kwanza kwenye orodha. Mabasi yanafika mashamba ya Kizimbani yameongozana. Watu arobaini wanashuka, wanamzunguka kijana mmoja. Anapasua kungumanga kwa kisu, ndani ile kokwa nyeusi imevikwa wavu mwekundu unaong'aa kama umepakwa rangi sasa hivi, kitu cha kumfanya mtu mzima anyamaze. Wanaoiona ni kumi walio mbele. Wa nyuma wanaona migongo na kofia. Inapofika kwao imeshapita mikono thelathini, wekundu umekufa. Mkienda wanne, kijana atawapasulia yenu, atawapaka rangi nyekundu ya mzingefuri midomoni, atamwonjesha mkweo gome la mdalasini na kumwambia avute harufu ya mzizi wake, atajibu maswali mpaka mchoke. Mwisho wa yote utakuta meza ya viungo vya kuuza, hiyo iko kwa wote, wa meli na wasio wa meli.

Sasa mimi nachagua hivi, na sijali nani anauza. Naanza na saa ya mwisho ya kupanda, narudi nyuma. Meli yenu inaondoka saa 12 jioni, mwisho wa kupanda huenda ukawa saa 11 na nusu, hakikisheni kwenye karatasi ya ratiba ya siku mnayopewa melini. Mimi nataka mtu wangu awe Malindi, kwenye geti la bandari, saa 10. Asubuhi nayo, msio na ziara ya meli, msihesabu kuwa nje ya geti kabla ya saa 4. Zimebaki saa 6. Humo toa njia ya kwenda na kurudi, kisha tazama kilichosalia kama kinatosha.

Mji Mkongwe kutoka getini ni miguu yenu tu. Mkunazini, pale kanisa la Anglikana liliposimama juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Ngome Kongwe, Forodhani, vichochoro vya Hurumzi, na lile jumba la Beit el Ajaib mtaitazama kwa nje, tangu upande wake ulipoporomoka Desemba 2020 si ile uliyoizoea. Kwa haya kulipa basi la meli ni kutupa pesa. Hata mkipotea, mkiuliza bandari iko wapi hata mtoto wa madrasa atawaonesha.

Mashamba ya Kizimbani na Kidichi si mbali, nusu saa na kitu kwa gari, barabara ni nyingi; moja ikifunga unapita nyingine. Hayo pia nendeni wenyewe mkitaka.

Msitu wa Jozani kwenye kima punju, wale kima wekundu, ni kilomita 35 hivi. Inawezekana, lakini iwe ndiyo safari ya siku, msiitie na jengine.

Nungwi ndiyo nakataa. Najua mumeo kaona picha na anataka kuogelea huko. Ni karibu kilomita 60, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, siku ambayo lori halijaharibika njiani Kinyasini. Nimesimama getini Malindi nikamwona mtu na mkewe wanakuja mbio, viatu mkononi, mchanga mpaka magotini, na meli imeshafungua kamba. Walikuwa wametoka Nungwi. Dereva wao alikuwa mtu mzuri na gari yake nzima, ila mbele yao palikuwa na ajali, na barabara haijui kama wewe una meli. Kwa hiyo akishikilia Nungwi, akate ya melini, alipe bei yao, na nyote mlale usingizi. Hata mimi baba yako, mwenye gari na mwenye kuijua njia gizani, siku ya meli siwapeleki Nungwi kwa dhamana yangu.

Kuvuka maji nakuhesabu kama mbali, hata kukiwa karibu. Kisiwa cha Changuu kwenye makobe unakiona kutoka Forodhani, nusu saa kwa boti, lakini upepo ukibadilika mnarudi kwa muda wa bahari, si wa kwenu. Fungu la mchanga la Nakupenda ni zuri mno, na maji yakijaa linazama. Tazama siku yenu ni bamvu, maji makubwa, au maji mafu, maji madogo, na maji yanajaa saa ngapi, kabla hujampa mtu shilingi. Mwenye boti makini atakwambia mwenyewe. Anayekwambia "wakati wowote tu" mwache.

Kwa sheria hiyo hiyo, Mahé sioni haja ya kununua kitu melini. Meli inatia gati Victoria, soko liko kwa miguu, na Beau Vallon ni upande wa pili wa mlima, hata basi la kawaida linafika. Ila mtu akiwashawishi La Digue, kule ni boti juu ya boti kupitia Praslin. Hiyo iwe ya meli au isiwepo. Nosy Be hamna ndugu, hamjui Kimalagasi, Kifaransa chako nakijua mimi, na wale komba wanaouzwa kwenye picha wako Nosy Komba, ng'ambo ya maji. Pale kateni ya melini bila kusononeka.

Mkikodi mtu wenyewe, popote, usianze na bei. Muulize siku hiyo ana wageni wengine baada yenu. Ana wageni wengine, hata wa saa 9, mwache, maana atawakimbiza au atawatelekeza. Hapa kwetu mtembezaji halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na hachukii kuombwa akioneshe. Papasi, wale watembezaji wasio na kitambulisho, watawadaka mara tu mkitoka getini, wengine wacheshi na wanaijua mitaa kuliko mimi, lakini siku ya meli si siku ya kumjaribu mtu. Angalia tairi. Angalia mshale wa mafuta: dereva anayekwenda kituo cha petroli na pesa yako ya utangulizi ndiye atakayekwambia baadaye hana ya kurudia. Malizeni malipo mkirudi getini. Na mwandikiane kabisa kwamba meli isipotia nanga, hakuna anayemdai mwenzake.

Jengine ni saa. Mahé wako mbele yetu kwa saa moja. Meli nyingine hubadilisha saa zake usiku, nyingine huacha saa yake vilevile, na simu yako ikishika mnara wa hapa inajibadilisha bila kukuuliza. Kabla ya kushuka nenda kaitazame saa ya ukutani kwenye mapokezi, uipige picha. Na dereva mwandikie kwa saa zetu, "saa 10 jioni tuwe Malindi", asije akakuelewa saa nne asubuhi kwa sababu mumeo kamtajia nne ya Kizungu.

Kuhusu mkweo, usishindane naye. Mkubwa wako, na safari hii kailipia yeye. Akitaka viungo na basi la meli, akate ile ya asubuhi, nusu siku, yeye na mzee. Mzee umesema magoti yanamsumbua, basi kubwa lina ngazi ndefu, lakini atakaa kiti cha mbele. Wewe na mumeo shukeni zenu, mtanikuta nje ya geti kwa sababu ndani hawaturuhusu, nimevaa kofia yangu ile ile. Tutapita kwa bibi yako kumzuru, kisha Mkunazini kama mumeo hajapaona. Saa 7 tunarudi getini kuwapokea wazee wakiteremshwa, saa 8 tuko mezani nyumbani. Kwetu na bandarini unajua mwenyewe palivyo, hata gari ikigoma mtatembea. Saa 10 nawarudisha. Mama yako atalia kwamba ni mapema, mwachie mimi.

Itakuwa Ijumaa, nimetazama kalenda. Maduka mengi yatafungwa mchana na mimi nitakuwa msikitini mpaka karibu saa 7, kwa hiyo nikichelewa dakika kidogo msiondoke getini na mtu mwengine. Mwambie mkweo achukue mtandio au shati lenye mikono, siyo kwa ajili yangu, ni kwa vichochoro.

Nijibu mambo mawili: wazee wanakula pilipili au hawali, na mzee anaweza kupanda ghorofa mbili kwa mguu? Ikiwa hawezi, chakula tutakipeleka chini kwa shangazi yako, na mama yako anataka kujua mapema aanze kugombana naye kuhusu nani anapika pilau.

Wako,
Baba