Barua kutoka Bahi

Bahi, Dodoma
Jumapili jioni

Mwenzangu mpendwa,

Mimi sijambo, naamini nawe hujambo na watoto. Usicheke. Hilo neno "sijambo" ndilo lililonisumbua wiki nzima.

Nimerudi kwenye udadisi: mwenyekiti wa kitongoji mbele, mimi nyuma na kishikwambi changu, vumbi katikati. Dodoso ni la afya. Presha na uzito havina maneno, unapima unaandika. Taabu iko kwenye ustawi wa kijamii. Unakumbuka chuoni tulivyokariri ile tafsiri ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1946, kwamba afya ni ukamilifu wa mwili, akili na jamii, siyo kukosa ugonjwa tu? Basi itazame WHOQOL-BREF, dodoso fupi la shirika hilohilo la kupima ubora wa maisha, tulikochota maswali yetu. Maswali 26, ya mahusiano ni matatu tu, na moja kati ya hayo ni la tendo la ndoa! Nimuulize bibi wa miaka sabini na kitu, mkwewe anapepeta uwele hatua tatu kutoka hapo. Nilimuuliza. Akamwita mkwewe aje asikie vijana wa siku hizi wanalipwa kwa kazi gani.

Tukafika kwenye msaada wa marafiki. "Marafiki ni mambo ya vijana," akasema, "mimi nina majirani." Nikamsomea majibu yote matano, akachagua "naridhika". Angechagua lipi? Huku kwetu hata aliyefiwa juzi ukimwamkia atasema "nzuri" kwanza, ndipo aseme "ila". Dodoso linabeba "nzuri" na kuondoka kabla "ila" haijafika.

Yake ilifika nilipokwisha kufunga kishikwambi, nakunywa maji aliyonipa. Akanionyesha kinu kimelala ukutani, kimepasuka. Zamani wanawake wa kitongoji kizima walikuja kutwanga kwake, na habari zote zilipita hapo. "Tangu mashine ije, mjukuu wangu, hakuna anayenihitaji kwa lolote." Wanawe wanamtumia hela kwa simu, hana njaa, na alama zake kwenye dodoso ni nzuri kuliko zangu mimi.

Tunauliza nani anakusaidia. Hatuulizi nani anakuja kukuomba kitu.

Nilimwambia msimamizi tuongeze swali: mara ya mwisho mtu kuja kukuazima kitu ilikuwa lini? Akanijibu kwamba swali halijajaribiwa, na ukichezea kipimo huwezi tena kulinganisha Bahi na kwingine. Kinachoniudhi ni kwamba ana haki.

Kwa hiyo habari ya kinu nimeiandika kwenye maoni ya mdadisi, mistari minne. Wewe uliyeko kwenye uchambuzi niambie ukweli: ile sehemu huwa mnaifungua?

Wasalimie wote hapo nyumbani. Zabibu nitakuletea nikija.

Mimi mwenzio wa tangu chuoni