Vidakuzi vya wageni kwenye tovuti ndogo

Ndugu Mhariri,

Wenye tovuti ndogo za kujifurahisha, ziwe za stempu au za ndege, huamini kwamba suala la faragha linayahusu makampuni makubwa pekee. Kidakuzi, kilichobuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya programu ya Netscape, ni maandishi mafupi yanayohifadhiwa na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) ili tovuti imtambue anayerudi. Chenyewe hakina ubaya. Tatizo huanza mwenye tovuti anapopachika video au kihesabu wageni cha kampuni nyingine, ambayo nayo huweza kuweka vidakuzi vyake na kumfuatilia msomaji kwingineko, mara nyingi (nakiri niliwahi kuwa hivyo) mwenye tovuti akiwa hana habari. Sheria ya Umoja wa Ulaya haidai ridhaa kwa vidakuzi vya lazima, yaani vile ambavyo tovuti haiwezi kufanya kazi bila hivyo; kwa hiyo asiyetumia vingine hahitaji lile bango la kuudhi la kuomba ridhaa.

Msomaji wako