Kile kipande cha reli bado kinalia: tusaidieni kuezeka shule yetu ya zamani

Jamaa wote wa Walukuba, mlioko hapa Jinja na mlioko Kampala, Nairobi, Uarabuni na kokote mlikofika, salamu sana. Mnalikumbuka lile jengo la shule ya zamani, la matofali ya kuchoma na veranda ndefu, na kile kipande cha reli kilichokuwa kinaning'inia kwenye mwembe, mwalimu wa zamu akikigonga basi mnakimbia mpaka vumbi linatimka? Bado kipo. Jumamosi iliyopita mtoto alikigonga, wazee wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama wakageuka kabisa.

Shule ilihamia majengo mapya, hili likabaki tupu, popo wakaingia, mchwa wakala mbao za paa, ikafika mahali watu wanataka libomolewe wajenge maduka. Kamati ya mtaa tukaomba tuachiwe, na tumekubaliwa. Tunataka liwe senta ya sanaa ya mtaa mzima, ngoma, maigizo, kuchora, kushona, na chumba kimoja cha kurekodi.

Sasa kwa nini tunahangaika hivi. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikafuata, watu walikuja kutafuta kazi kutoka kila kona, Wasamia, Waluo, Walugbara, Waacholi, Wagisu, wakawakuta Wasoga wenyeji, na lugha iliyowaunganisha kiwandani na kwenye bomba la maji ni hiki Kiswahili chetu. Kila nyumba ilikuja na ngoma yake. Na wale wazee wanaondoka mmoja mmoja jamani, kila anayezikwa anaenda na zake. Angalieni bigwala, zile tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga. Falme zilipofutwa mwaka 1967 ikaanza kufifia, na UNESCO ilipoiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka walikuwa wamebaki mafundi wazee 4 tu. Wanne! Hiyo ni ngoma ya ufalme mzima, je vyombo vya nyuzi vya nyumbani, nyatiti ya baba yako, au adungu ya mjomba wako iliyotundikwa ukutani, atarithi nani?

Watoto wanaitaka, msisikie watu wakisema eti vijana wa leo ni simu tu. Tunafanya mazoezi kila Jumamosi kwenye darasa la mwisho, lile ambalo ubao mweusi ulipakwa ukutani moja kwa moja, na wiki mbili zilizopita mvua ilishuka katikati ya ngoma, bati likavuja mahali pengi, wasichana wakasogeza sufuria na ndoo kukinga maji alafu wakaendelea kucheza wakizizunguka. Mimi nilishindwa kusema kitu. Steji ya maana iliyo karibu ni Kampala, kwenye Ukumbi wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1959, ni kama kilomita 80, mtoto wa hapa nauli anaitoa wapi?

Kazi ya kwanza ni paa, mbao na mabati, kabla mvua haijatuzidi. Kuta ni nzima lakini zinataka uangalifu. Fundi mmoja alitaka kuzipiga plasta ya simenti zote, mzee mmoja mwashi akamkatalia palepale, akasema ukuta huu ulijengwa kwa chokaa, ukiufunga kwa simenti unyevu unabaki ndani na tofali linaanza kumomonyoka. Kwa hiyo tutatumia chokaa, hata kama inachukua muda.

Tunaomba mchango. Elfu mbili, elfu tano, bati moja, kilo ya misumari, vyote vinaingia kwenye daftari na risiti unapewa. Mlio mbali tumeni kwa mobail mani kupitia ndugu yako aliye hapa mtaani, amkabidhi mweka hazina mkononi. Majina na hesabu tutasoma hadharani chini ya mwembe kila Jumapili saa kumi jioni, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, akiwepo, na mwenye swali aulize. Kama una ngoma ya marehemu babu inakaa tu stoo, ilete pia, tutaitunza na jina lake litaandikwa.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunaanza kushusha mabati mabovu. Wenye ngazi na nyundo njooni nazo, kina mama wa soko wameshasema chai na mihogo ni juu yao.