Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: thabiti dhidi ya nini?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MATUMIZI YA NENO "THABITI" KATIKA TAARIFA ZA UCHUMI NA TAKWIMU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nimeisoma taarifa ya hali ya uchumi kutoka wizarani kwako, mwanzo hadi mwisho, viambatisho vyote. Ni mazoea ya mtu aliyezeekea kwenye kazi ya takwimu. Ndani ya aya moja nimekuta bei ni "thabiti", mabenki ni "thabiti", na makadirio ya ukuaji ni "thabiti". Neno ni lile lile mara tatu, ila maana ni tatu. La kwanza linasema kitu hakijayumba. La pili linasema kitu kikisukumwa hakitaanguka. La tatu linasema mtu mwingine akipiga hesabu upya, kwa njia tofauti kidogo, atafika pale pale. Msomaji hana namna ya kujua lipi ni lipi, na nina wasiwasi hata aliyeiandika aya hiyo hakujiuliza.

Kiswahili hakikutunyima maneno hapa. Bahari huwa tulivu, nguzo huwa imara, mtu wa kauli moja huwa thabiti, na aliyepigwa na maisha akainuka tena huitwa mstahimilivu. Hakuna mvuvi atakayekwambia bahari ni imara kwa sababu leo haina mawimbi. Taarifa zetu hufanya hivyo kila robo mwaka.

Nianze mbali kidogo, kwenye fizikia, kwa kuwa huko ndiko watu walikolazimika kulifafanua neno hili wakiwa na rula mkononi. Kuna madini yanayoitwa bismuthi. Kwa miongo mingi vitabu viliandika kwamba atomi yake ya kawaida, bismuthi-209, ni thabiti, ndiyo nzito kuliko zote zisizomeguka. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa wakainasa ikimeguka. Muda unaohitajika ili nusu ya atomi zake zimeguke ni takriban miaka 19 ikifuatwa na sufuri 18, zaidi ya mara bilioni moja ya umri wa ulimwengu. Je, vitabu vilidanganya? Kwa fundi anayeitumia kwenye risasi ya kulehemu, hapana. Kwa mwanafizikia, ndiyo. Kilichokosekana ni maneno mawili matatu tu: thabiti kwa muda gani, na kwa kipimo chenye makali kiasi gani.

Mwanahisabati Mrusi Aleksandr Lyapunov alilimaliza suala hili kwenye tasnifu yake ya mwaka 1892. Kwa lugha ya mtaani, alisema hivi: usiniambie kitu kimetulia, kisogeze kidogo, kisha niambie kama kinabaki karibu na pale kilipokuwa. Na kurudi pale pale ni sifa nyingine, ya juu zaidi, yenye jina lake. Tangu hapo, mhandisi au mwanahisabati akisema "thabiti" bila kutaja msukosuko, wenzake humrudisha akamalizie sentensi. Sisi wa uchumi tumejisamehe adhabu hiyo.

Mheshimiwa, chukua fimbo ndefu uisimamishe juu ya kiganja. Mtoto yeyote anaweza, akipewa dakika chache za kujaribu. Anayetazama kwa mbali ataona fimbo imesimama wima. Wewe mwenye kiganja unajua kwamba mkono haujapumzika hata nusu sekunde, na siku ukipiga chafya fimbo iko chini. Fimbo haina uthabiti wowote wa kwake. Uthabiti wote uko kwenye mkono.

Thamani ya sarafu inayolindwa na benki kuu ni fimbo ya aina hiyo. Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu mstari kwenye chati ulikaa juu ya kiwango hicho, na ukipima kuyumba kwake kwa fomula za kawaida utapata kitu kidogo mno. Tarehe 15 Januari 2015 benki ikaondoa mkono, na siku hiyo hiyo euro ikaanguka hadi chini ya faranga moja. Waliokuwa wamepima hatari kwa kuangalia chati ya miaka mitatu walikuwa wamepima bidii ya benki, wakadhani wanapima sarafu. Taarifa inayosema "sarafu imebaki thabiti" bila kutaja akiba ya fedha za kigeni iliyotumika kuishikilia inaonyesha fimbo na kuficha mkono. Sisemi kushikilia ni kosa. Nasema gharama ya mkono iandikwe kwenye mstari huo huo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na nadhani mchumi Hyman Minsky angekubaliana nao bila kuhitaji tafsiri. Hoja yake ilikuwa kwamba utulivu wa muda mrefu wenyewe ndio unaozaa mtikisiko. Miaka ikipita bila hasara, mkopeshaji hulegeza masharti, mkopaji huongeza deni, na msimamizi hupunguza ukali kwa sababu hana cha kumwonyesha bosi wake. Minsky alifariki mwaka 1996. Februari 2004 Ben Bernanke, akiwa mmoja wa magavana wa benki kuu ya Marekani, alihutubia kuhusu jinsi mawimbi ya uchumi wa nchi hiyo yalivyopungua kwa miongo miwili, akijadili sababu zake. Takwimu zake zilikuwa sahihi. Mawimbi kweli yalikuwa yamepungua.

Miaka minne baadaye Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilianguka. Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kuudhi: kwa kila dola 1 ya mtaji wake, benki hiyo ilishika mali ya karibu dola 30, iliyobaki ikiwa fedha za kukopa. Mali ikipungua thamani kwa zaidi kidogo ya asilimia 3, mtaji wote umekwenda. Na kilichoruhusu mikopo ya namna hiyo kwenye mabenki mengi ni modeli za kihesabu za kupima hatari zilizolishwa data za miaka ya karibuni, yaani miaka ya shwari. Data tulivu ikatoa hatari ndogo, hatari ndogo ikaruhusu deni kubwa, deni kubwa likaifanya nyumba nzima iwe nyepesi kuanguka. Hapo utulivu ulikuwa juu kabisa, uimara chini kabisa, na neno lililotumika kwa vyote viwili lilikuwa moja.

Sasa niguse jambo linalokuhusu wewe binafsi zaidi, kwa sababu wewe ndiye mwenye kiganja. Kila mfumuko wa bei ukipanda kwa nukta chache mwezi mmoja, waandishi wa habari wanakuuliza utafanya nini, na wewe, kama binadamu yeyote, unataka kuonekana unafanya kitu. W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani, alikuwa na jaribio la kufundishia watu wa nafasi yako. Unachukua faneli, unaielekeza juu ya alama mezani, unadondosha gololi. Haitui kwenye alama. Inatua kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ukiiacha faneli ilipo, gololi zitatapakaa kwenye duara la kiasi fulani. Lakini mtu mwenye bidii ataisogeza kila baada ya gololi: ikitua sentimeta 2 kulia, anavuta faneli sentimeta 2 kushoto. Inaonekana ni busara tupu. Ukipiga hesabu, mtawanyiko, ukipimwa kwa wastani wa mraba wa umbali kutoka kwenye alama, unakuwa mara mbili ya ule ambao ungeupata kama ungekaa ukanywa maji.

Sababu ni kwamba alikuwa anasahihisha bahati. Mchakato ulikuwa tayari thabiti kwa maana ya takwimu: uliyumba, lakini kwa namna ile ile siku zote. Hii ni maana ya nne, na inawashangaza wengi. Ndiyo aliyoifanyia kazi mtakwimu Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924 alipochora chati yake ya kwanza ya udhibiti kiwandani, ili mkaguzi ajue lini mashine imebadilika kweli na lini inapumua tu. Kuyumba si dalili ya kukosa uthabiti. Kinachotakiwa kukuamsha usiku ni namna ya kuyumba inapobadilika. Taarifa ya bei inayotoka na nambari moja ya mwezi huu na moja ya mwezi uliopita, bila mstari wa miezi iliyotangulia wala mipaka ya kuyumba kwa kawaida, inakualika usogeze faneli.

Nimeacha kwa makusudi uthabiti wa matokeo ya utafiti mwisho, kwa kuwa ndio unaoniuma zaidi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye heshima zao, walichapisha makala kuhusu deni la umma na ukuaji. Nambari iliyosafiri dunia nzima ilikuwa hii: nchi tajiri zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikua, kwa wastani, kwa asilimia hasi 0.1. Wanasiasa waliinukuu wakati wa kukata bajeti. Baadaye mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa kazi ya darasani ya kurudia utafiti wowote, akauchagua huo, ukamgomea. Alipoomba lahajedwali yenyewe, yaani faili la kompyuta lenye hesabu zao, akakuta fomula ya wastani imeruka nchi tano. Mwaka 2013, pamoja na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, alirekebisha hilo na mengine, wakapata asilimia chanya 2.2.

Watu hucheka kosa la fomula. Mimi naliona dogo, yeyote aliyewahi kufungua lahajedwali ameshalifanya. Kinachonikosesha usingizi ni New Zealand. Kwenye kundi la deni kubwa zilibaki nchi saba, kila moja ikipewa uzito sawa. Uingereza ilileta miaka 19 yenye ukuaji wa wastani wa asilimia 2.4. New Zealand ilileta mwaka mmoja, 1951, ambao uchumi wake ulisinyaa kwa asilimia 7.6. Miaka 19 upande mmoja, mwaka 1 upande wa pili, kura moja moja. Mheshimiwa, toa mwaka huo mmoja ufanye wastani wa nchi sita zilizobaki: unapanda hadi juu ya asilimia 1. Nambari iliyotikisa bajeti ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja, na kuugundua ilihitaji kalamu na dakika tano.

Kwa haki yao, waandishi walikiri kosa la lahajedwali na kushikilia kwamba deni kubwa bado linaambatana na ukuaji mdogo. Huenda. Lakini "ukuaji mdogo" na "uchumi kusinyaa" ni sera mbili tofauti, na kipimo cha dakika tano kingezitenganisha kabla hazijafika bungeni.

Ombi langu ni hili, na halihitaji sheria mpya. Popote taarifa za wizara yako zitakapoandika "thabiti", mwandishi alazimike kuongeza: dhidi ya msukosuko upi, kwa muda gani, na nani anashikilia kwa gharama ipi. Kama ni kutoyumba tu, aandike "tulivu", tutamwelewa. Mabenki yakiitwa imara, tuonyeshwe mtaji wao ungefika wapi kama mali zao zingeshuka kwa asilimia 3, kwa 5, kwa 10. Na makadirio yakiitwa thabiti, jedwali liwekwe la kuonyesha jibu linavyobadilika ukitoa mwaka mmoja mmoja, kisha eneo moja moja, pamoja na data ghafi ili mwanafunzi yeyote ajaribu mwenyewe.

Najua wataalamu wako watasema msomaji wa kawaida atachanganyikiwa na majedwali. Waambie waanze na moja. Kwenye toleo lijalo, jedwali la makadirio ya ukuaji lirudiwe mara kumi, kila mara likiachwa nje mwaka mmoja kati ya kumi iliyopita, na nambari kumi zitakazopatikana zichapishwe kwenye mstari mmoja chini ya ile kubwa. Kama zote zitakaa jirani, mimi wa kwanza nitaandika barua nyingine, ya wazi vile vile, kuomba radhi.

Wako mtiifu,

Mtakwimu mstaafu