Barua ya wazi kwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliyeishia msimu wa tano

Yaya,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Unauliza kama ni kweli Sam na Dean wanarudi, maana vijana wa kazini kwako huko Kolwezi wanarushiana trela ya "msimu wa 16" wa Supernatural, ile tamthilia ya Kimarekani ya ndugu wawili wanaowinda mapepo. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu swali hilohilo linanifuata kila mahali hapa Lubumbashi, na kwa sababu nina jambo langu na wewe ambalo nimelibeba rohoni muda mrefu.

Trela ile ni ya kuungaunga. Itazame tena polepole: Dean anafungua mlango wa gari akiwa na sura ya ujana wake, akiufunga tayari ana ndevu za mtu mzima. Wamechota vipande vya misimu ya zamani, wakavichanganya na kazi nyingine za Jensen Ackles anayemcheza Dean, wakapachika tarehe na muziki wa kutisha. Supernatural ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 2005, ikafungwa tarehe 19 Novemba 2020. Misimu 15, epizodi 327. Huo ndio urefu wake.

Habari ya kweli ni nyingine, na mimi naiona tamu kuliko hiyo ya uongo. Jensen Ackles, Jared Padalecki aliyekuwa Sam, na Misha Collins aliyekuwa malaika Castiel, wanakutana tena kwenye The Boys, tamthilia ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, katika msimu wake wa 5 ambao ndio wa mwisho. Unaanza tarehe 8 Aprili 2026 kwenye Prime Video. Jensen aliingia humo mwaka 2022, msimu wa 3, akiwa Soldier Boy, shujaa wa zamani mwenye nguvu nyingi na utu kidogo. Na aliyewaita wote ni nani? Eric Kripke, yuleyule aliyeitunga Supernatural, ndiye anayeiongoza The Boys. Si hao watatu tu. Jim Beaver, Bobby wetu aliyekuwa kama mjomba wa Sam na Dean, yumo pia, na mhusika wake anaitwa Robert Singer. Jeffrey Dean Morgan, aliyekuwa baba yao John Winchester, aliingia msimu wa 4 mwaka 2024. Baba, wanawe, mjomba na malaika, wote Kripke amewafungulia mlango. Baada ya hapo Soldier Boy anapewa tamthilia yake, Vought Rising, inayorudi nyuma hadi miaka ya 1950.

Ila nakuonya: The Boys ina damu na matusi ya kutosha. Watoto walale kwanza.

Najua utakachosema, kwa sababu ndicho ulichosema miaka yote: hadithi ya Kripke ilikuwa ya misimu mitano, mwenyewe alitangaza hivyo, na baada ya kuondoka kwenye usukani mwaka 2010 waliobaki walikuwa wanaongeza maji kwenye mchuzi ili wapate pesa. Kwamba alipangilia misimu mitano, ni kweli. Lakini rudi utazame dakika ya mwisho kabisa ya msimu huo wa 5, ile epizodi unayoipenda kuliko zote. Sam ameanguka shimoni na Lusifa ndani yake. Dean ametimiza ahadi aliyompa, amekwenda kwa Lisa, mpenzi wake wa zamani, wamekaa mezani wanakula. Halafu kamera inatoka nje. Taa ya barabarani inazimika, na chini yake amesimama Sam, anamtazama kaka yake kupitia dirishani. Hiyo ni epizodi iliyoandikwa na Kripke mwenyewe. Mtu anayefunga hadithi hamwachi ndugu amesimama gizani nje ya nyumba. Wewe ulizima televisheni ukasema imekwisha, na mimi nilibaki nauliza: sasa Sam anangoja nini pale?

Halafu hili la kwamba mtunzi akiondoka kazi inakufa, sikubaliani nalo. Chukua Star Trek. Mwaka 1966, mwaka uleule Élisabethville ilipoitwa Lubumbashi, Wamarekani waliwasha televisheni tarehe 8 Septemba wakamwona Nichelle Nichols akiwa Luteni Uhura, mwanamke mweusi, afisa wa mawasiliano kwenye chombo cha anga za juu. Katika epizodi hiyohiyo iliyotangulia kuonyeshwa kuna kiumbe kinachojigeuza sura. Kinamfuata Uhura ukumbini katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kiswahili, yaya, kwenye televisheni ya Marekani, wakati huo! Wenye kituo walipotaka kuifunga, watazamaji waliwaandikia barua kwa maelfu, ikapata msimu wa 3. Ilifungwa mwaka 1969. Gene Roddenberry aliyeianzisha alifariki mwaka 1991, Nichelle Nichols alifariki Julai 2022, na mwaka huohuo wa 2022 Uhura alikuwa anarudi akiwa kijana, akichezwa na Celia Rose Gooding katika Strange New Worlds, tawi jipya la Star Trek. Hadithi kama hizi zina watu wanaozilea baada ya mwenyewe kuondoka, na wengine wanazilea vizuri.

Na kuhusu pesa. Jared Padalecki alikuwa na miaka 25, wako kwenye msimu wa 3, daktari alipomwambia ana ugonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Alikwenda kazini hivyohivyo. Mwaka 2015 alilisema jambo hilo waziwazi na kuanzisha kampeni ya kuchangia wanaougua kama yeye, na mashabiki walijaa ukumbini wakiwa wamemwashia mishumaa. Misha Collins alichukuliwa mwaka 2008 kwa epizodi chache tu. Castiel alipendwa hadi akabaki mpaka msimu wa 15. Watu hawa walipiga picha huko Vancouver miaka kumi na tano, kwenye mvua, usiku kwa usiku. Mshahara ulikuwepo, ndiyo. Lakini ukiwatazama utaona kwamba wanalinda kitu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuitazama. Sijasahau zile CD za soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, msimu mzima umebanwa kwenye diski mbili, picha ina ukungu na kila mtu anasema Kifaransa. Pale nyumbani, mtaa wa Katuba, umeme ulikuwa unakatika kila mara pepo akikaribia kutolewa, na wewe ulikuwa unaendelea kutusimulia gizani, unaigiza sauti ya Dean, unabuni mwisho wako mwenyewe. Siku nyingine mwisho wako ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye diski. Mama alikuwa anakaa pembeni na sinia lake anachambua mboga za lenga-lenga, anajifanya hatazami. Kifaransa chao kilikuwa kinamkimbia, lakini alielewa yote: mama aliyeungua darini tarehe 2 Novemba 1983, mtoto wa miaka minne aliyebebeshwa mdogo wake na kuambiwa akimbie. Alimpenda Dean kwa sababu hiyo. Siku walipoichoma maiti ya John Winchester juu ya kuni, kwa desturi ya wawindaji wa mapepo, Mama aliweka sinia chini. "Mtu mzima wanamchoma? Na watoto watakwenda kumlilia wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Nimelifikiria swali hilo la Mama sana tangu tumzike Baba.

Hatujaongea juu yake, mimi na wewe. Ulifika, ukalipa kilichobaki, ukapanga wageni, ukashika koleo na wanaume wengine, ukarudi Kolwezi kesho yake kwa sababu kazi haingoji. Kila nikikupigia unaniuliza ada za watoto na dawa za Mama. Mambo uliyogombana na Baba ulipoacha masomo nayajua, nilikuwa nyuma ya pazia. Ndiyo maana nataka ufike epizodi ya 300.

Ilionyeshwa tarehe 7 Februari 2019 na inaitwa Lebanon, kwa jina la mji wa jimbo la Kansas, Marekani, wanakoishi Sam na Dean wakati huo. Dean anashika lulu yenye uwezo wa kumpa mtu kile moyo wake unachokitaka. Anaomba jambo lingine kabisa; moyo wake unamletea baba yake. John Winchester anatokea na bunduki mkononi, katoka moja kwa moja mwaka 2003, hajui kama alikufa. Jeffrey Dean Morgan alikuwa hajaonekana kwenye tamthilia hiyo kwa miaka zaidi ya kumi. Sam, ambaye waliachana na baba yake kwa maneno makali, anakaa naye wawili tu. Baba anaomba radhi. Sam hatoi hotuba. Anamwambia kwamba mwisho walioachana nao si ule ugomvi anaoukumbuka mzee. Ni ile picha ya baba yake akiwa amekufa sakafuni hospitalini, na kwamba alikosa nafasi ya kumuaga. Kisha anamsamehe. Dean naye anaambiwa na baba yake kwamba anajivunia yeye, na kwamba alitarajia siku moja angepata familia. Dean anamjibu kwamba familia anayo.

Halafu wanakula chakula cha jioni, wanne, baba, mama (alikwisha kufufuliwa) na watoto wao. Ni meza tu, sahani na vicheko. Baada ya chakula vijana wanasimama jikoni wanaosha vyombo, Sam anawaza kama wangeweza kumrudisha mzee nyuma akiwa anajua yote ili maisha yao yawe mepesi, na Dean anasema hapana, ameridhika na mtu aliye sasa. Dean! Yule uliyekuwa unatuigizia kwa hasira gizani. Ilimchukua misimu 14 kufika kwenye sinki lile, na ndiyo maana nakuambia misimu mitano haikutosha. Kijana wa msimu wa 5 asingeweza kusema vile. Lulu lazima ipondwe, baba lazima arudi alikotoka, na safari hii wanamuaga.

Nilipoitazama nilikuwa na Mama. Hakusema kitu, ila alitaka irudiwe.

Basi utaratibu nakupangia mimi. Msimu wa 6 uuanze kwa subira, Sam amerudi bila roho yake na inaudhi, lakini ukifika epizodi ya 15 utacheka mpaka majirani wagonge ukuta: Sam na Dean wanaangukia kwenye dunia ambamo wao ni waigizaji wanaoitwa Jared na Jensen. Msimu wa 7 pita haraka, wale mazimwi wa Leviathan hawakunishika. Msimu wa 11 epizodi ya 4 usiiruke hata kama umechoka, yote imepigwa ndani ya ile Impala nyeusi ya mwaka 1967, kamera haitoki garini, unaona mapigano kupitia kioo tu. (Gari lenyewe Jensen alikwenda nalo nyumbani tamthilia ilipokwisha, na namwelewa kabisa.) Kutoka msimu wa 12 nenda mfululizo.

Epizodi ya mwisho sikusimulii, na usikubali vijana wa kazini wakusimulie. Jua tu kwamba Machi 2020 korona iliwasimamisha zikiwa zimebaki epizodi mbili, wakarudi kazini Agosti kwa masharti makali, na watu wengi waliotakiwa kuonekana mwishoni hawakuweza kuletwa. Mashabiki wamegawanyika hadi leo. Kuna wanaosema Dean alidhulumiwa. Mimi naipenda, nitaitetea mbele ya yeyote, na nangoja kwa hamu tubishane, kwa sababu ubishi wako nimeukosa.

Flashi anayo mtoto wa mama mkubwa, anapanda basi Jumamosi asubuhi. Humo mna msimu wa 6 hadi wa 15, kwa Kifaransa kama tulivyozoea. Epizodi ya 300 tu nimekuwekea mara mbili: moja ya Kifaransa, na nyingine yenye sauti zao wenyewe, umsikie Jeffrey Dean Morgan kwa koo lake. Fanya bidii umalize kabla ya tarehe 8 Aprili, maana ile ya Kripke nataka tuianze siku moja, wewe huko na sisi hapa. Na ukifika Lebanon nipigie saa yoyote, hata usiku. Mama amesema naye aamshwe.

Mdogo wako,
Lubumbashi