Kishikwambi kimeflashiwa, maiki haisikii: usikimbilie kununua maiki mpya

Mwezi uliopita mama mmoja wa Uyole, katibu wa kwaya, alituletea hapa Mwanjelwa, Mbeya, kishikwambi kilichokwisha kufunguliwa na mafundi wawili. Kila mmoja alimuuzia maiki mpya. Spika inaimba, kamera inapiga, lakini akirekodi mazoezi anapata "shhh" tupu. Ilituuma, kwa sababu alilipia mara mbili ugonjwa usiokuwepo.

Shida ilianza siku kilipoflashiwa, yaani kilipobadilishiwa romu (mfumo endeshi) na kuwekewa LineageOS, toleo la Android lisilo la kiwanda, ili kipokee programu mpya. Ndani ya kishikwambi kuna chipu ya sauti yenye njia kadhaa: maiki ya ndani, maiki ya hedifoni, wakati mwingine maiki ya pili ya kupunguza kelele. Ipi ifunguliwe, mfumo unasoma kwenye faili, mara nyingi linaitwa mixer_paths.xml. Sasa vishikwambi viwili vinaweza kuuzwa kwa jina moja, kimoja cha laini na kingine cha Wi-Fi pekee, huku maiki zimeungwa njia tofauti. Ukiweka romu ya mwenzake, kinawaka vizuri kabisa, ila kinasikiliza mahali pasipo na maiki.

Tulichomeka hedifoni yenye maiki, sauti ikaingia. Basi chipu ni nzima. Tukatafuta romu asilia ya namba ileile ya modeli, tukalinganisha mafaili, tukakuta jina la njia ya maiki limepishana. Tulirekebisha mstari huo, tukawasha upya. Mama akaimba ubeti mmoja pale pale mezani, tukamrudishia sauti yake akaisikiliza hadi mwisho.

Kabla hujapanda daladala kuja kwetu, jaribu haya. Kuanzia Android 12 kuna kitufe cha kuzima maiki kwa programu zote. Vuta menyu ya juu ukiangalie. Angalia na ruhusa ya programu unayotumia, kisha jaribu kurekodi kwa programu nyingine. Vua kava, huenda imeziba tundu. Tafadhali usichokoe tundu hilo kwa sindano! Utando wa maiki ni mwembamba mno, ukitoboka ndipo utahitaji maiki mpya kweli.

Kazi yetu huanza kwa kunakili data zako. Tukirudisha romu asilia na maiki bado iko kimya, hapo ndipo tunafungua na kushika chuma cha kulehemu, na tunakueleza bei kwanza. Kishikwambi cha ofisi au cha shule hatukiflashi bila barua ya mwajiri.

Njoo na namba kamili ya modeli iliyoandikwa mgongoni, na jina la romu kama unalikumbuka. Chaji iwe angalau nusu, maana kikizima katikati ya kuflashi kinaweza kisiwake tena.